Kutia nakshi kwenye metali: kalamu ya kiganja, tindo na nyundo, au mashine ya upepo?

Anayetaka kuanza kutia nakshi kwenye metali huja na swali moja: ninunue mashine ipi? Ameona video za mafundi wa Marekani wakipindisha majani na mashina juu ya chuma kama wanakata sabuni, akaamini siri imo kwenye mashine. Mimi humrudisha hatua moja nyuma. Kabla hujaamua utakata kwa njia gani, amua utanoa kwa njia gani, maana njia zote tatu nitakazozilinganisha hapa zinaishia kwenye ncha moja, ndogo kuliko punje ya chumvi, na hiyo ncha ikiwa mbovu hakuna pesa itakayokuokoa.

Nazungumzia kukata hasa: ncha inaingia kwenye metali na kuitoa kama unyuzi mwembamba unaojikunja mbele yake. Kalamu za umeme zinazotetema, zile za kuandikia namba kwenye spana zisiibwe, zinakwaruza tu. Leza inaunguza. Na ile kazi ya kugongea kwa vyuma butu, ambayo utaiona kwenye ala za jambia za Oman, haitoi kitu bali huibonyeza fedha ikajikunja. Zote zina heshima yake, lakini hazimo humu. Chombo cha kukatia nitakiita kalamu, kwa kuwa kazi yake ni kuandika.

Nitazipima njia tatu kwa mambo matano: fedha ya kuanzia, muda mpaka mkono utulie, metali zinazokubali, kunoa kunakodaiwa, na mahali pa kazi, yaani umeme, kelele na nafasi. La kunoa litakula nafasi kubwa kuliko mengine, na nimekusudia.

Kwanza, ncha yenyewe

Chukua kijiti cha chuma cha mraba, unene wa milimita mbili na nusu hivi. Kishike ukingo mmoja ukitazama chini, kama mkuku wa dau. Mbele kumekatwa mshazari: huo ndio uso. Pembe yake ya kawaida ni digrii 45. Kwa metali ngumu husimamishwa hadi 50 ili ncha ipate nyama. Chini, karibu kabisa na ncha, pande mbili za mkuku zimesagwa kidogo kwenda juu, digrii 15 mpaka 20. Hicho ni kisigino. Nusu milimita ya kisigino ni nyingi tayari, ndiyo maana wanaoanza hukisahau: bila lenzi hakionekani.

Kisigino ndicho kinachoinua mwili wa kalamu kutoka kwenye bamba. Bila hicho kalamu inalala, inazama, na haitoki. Kikiwa kirefu mno, ukifika kwenye kona kinasugua ukingo wa nje wa mstari na kuacha mchubuko. Kikisagwa upande mmoja kuliko mwingine, kalamu inakwenda kombo kama mkokoteni wenye gurudumu bovu. Kikibaki na mikwaruzo ya jiwe, mstari wako unatoka wa kijivu. Kikisafishwa mpaka kiwe kioo, mstari nao unang'aa. Yaani ule mng'ao unaousifu kwenye bangili ya mtu ulitengenezwa kwenye kinoo, kabla kalamu haijaigusa fedha.

Pembe ya mkuku nayo ina maneno yake. Digrii 90 inatoa mstari mwembamba wenye kina. Digrii 120 inatoa mstari mpana unaokamata mwanga, na ndiyo inayopendwa kwa majani na maua. Anayeanza achukue moja tu kati ya hizo, akae nayo.

Kuijaribu ni rahisi. Weka ncha juu ya ukucha wa kidole gumba, bila kukandamiza, kisha isogeze taratibu. Ikiuma ukucha na kukataa kwenda, imenoleka. Ikiteleza, irudi kwenye jiwe. Baadaye iweke chini ya taa uitazame kwa lenzi: ncha iliyovunjika inakurudishia kidoa cha mwanga, ncha nzima hairudishi chochote.

Jaribio hilo nililipata kwa aibu. Nilikuwa na wiki ya tatu nikilaumu shaba. Kalamu ilikuwa inaruka, imekwisha kunichana gumba la kushoto, na bamba lilijaa mikwaruzo kama mtu aliyepigana na paka. Nikampelekea bamba sonara mmoja mzee. Hakulitazama. Alinyoosha mkono akasema, "Nipe kalamu." Akaiweka ukuchani, ikateleza kama kwenye mafuta.

"Mzee, nimeinoa leo asubuhi."

"Hujainoa, mwanangu. Umeipapasa."

Kumbe kila nilipoisukuma kwenye jiwe, kifundo cha mkono wangu kiliyumba kidogo tu, na uso uliotakiwa kuwa bapa ukawa na tumbo. Shaba haikuwa na kosa.

Kalamu ya kiganja

Hii ndiyo ya zamani. Mpini wa mbao wenye umbo la uyoga unakaa katikati ya kiganja, gumba linagusa bamba na kuwa breki, na nguvu inatoka begani kupitia kiganja. Mkono wa kulia hauzunguki sana. Ni wa kushoto unaogeuza kazi, ikiwa juu ya mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga au kwenye jiliwa la mviringo. Mabamba mashuhuri ya shaba ya Albrecht Dürer wa Nuremberg, ya 1513 na 1514, yalikatwa hivyo.

Fedha ya kuanzia ni ndogo. Kijiti cha haispidi, kile chuma cha visu vya leethi (mashine ya kuchongea metali), utakipata kwenye maduka ya zana Kariakoo au Kamukunji. Mpini unajichongea mwenyewe. Ukiongeza kinoo chenye pande mbili unakaribia bei ya simu ya kitochi. Ila usitumie kijiti kwa urefu kilivyouzwa. Ukishika mpini, ncha ipite gumba kwa sentimita moja au mbili tu, la sivyo utakuwa unaendesha kalamu kwa mbali kama mtu anayeandika kwa ufagio. Kata upande wa mkia, usikate wa ncha.

Muda ndio deni lake. Mstari mnyoofu utaupata ndani ya wiki chache; kona inayopungua upana na kuishia kama unywele inataka miezi. Dhahabu, fedha na shaba zinaipenda njia hii. Shaba nyekundu hunata kidogo kwenye ncha, baadhi ya shaba za manjano hukatika vipande vipande badala ya kutoa unyuzi, hivyo usishtuke. Chuma laini kinakubali mistari myembamba: mafundi wa bunduki wa Gardone Val Trompia kule Italia huchora sura za watu na wanyama kwa vidoa na nywele za mistari, wakisukuma kwa mkono. Lakini ukitaka kina kwenye chuma kwa kiganja, unajitesa.

Kwenye kunoa, kalamu ya kiganja ni mwalimu mkali. Nguvu ni yako, kwa hiyo ncha ikianza kuchoka bega linajua kabla ya jicho. Utanoa mara kwa mara, na kila mara utajua kwa nini. Mahali pa kazi ni meza, taa na kiti. Mtoto anaweza kulala chumba hichohicho, na umeme ukikatika unasogea dirishani.

Inamfaa sonara, anayeandika majina kwenye pete, mwenye mtaji mdogo na subira kubwa. Haimfai mwenye maumivu ya kifundo cha mkono.

Tindo na nyundo

Hapa kalamu inakuwa ndefu, inashikwa kwa vidole vya mkono mmoja, na mwingine unaigonga kwa nyundo nyepesi, kichwa chake kama gramu 50. Haigongwi kwa nguvu. Ni ta-ta-ta-ta, vipigo vingi vidogo, na jicho linabaki kwenye ncha. Ukitazama kichwa cha tindo umepotea. Kwa kuwa mikono yote ina kazi, kipande hubanwa kwenye jiliwa zito na wewe ndiye unayezunguka. Wengi husimama na kulizunguka jiliwa.

Mji wa Moradabad kaskazini mwa India umejengewa jina na kazi za shaba za namna hii, na wenyewe huiita nakkashi, neno la ukoo mmoja na nakshi yetu. Sinia nyingi za shaba zilizowahi kuning'inia kwenye kuta za nyumba za pwani zilitoka India, na ukilitazama kwa lenzi sinia lililokatwa kwa tindo, ndani ya mstari utaona vijihatua vidogo, alama ya kila kipigo. Fundi mzuri huvificha. Fundi mzuri zaidi huviacha pale anapotaka.

Gharama yake inapishana kidogo na ya kiganja, ila jiliwa. Jiliwa jepesi linacheza, na likicheza ncha inavunjika. Muda wa kujifunza una tabia yake: siku za mwanzo ni ngumu kuliko kiganja, kwa kuwa mikono miwili lazima ipatane, lakini mdundo ukishakukaa unakaa kama kuendesha baiskeli. Kwa metali, hii ndiyo njia ya chuma. Visu, vitasa, sehemu za bunduki, popote panapotakiwa kina. Kwenye pete nyembamba ya fedha ni fujo.

Kunoa: ncha inapigwa, kwa hiyo uso usimame, digrii 50, na ukubali kwamba itavunjika. Haitachoka polepole kama ya kiganja. Itakatika ghafla, utasikia sauti ya kipigo imebadilika. Wanaonoa haraka hawajali. Wanaochukua robo saa kunoa ncha moja huichukia njia hii, na wana haki. Kelele ipo, siyo ya grenda, lakini jirani wa ghorofa ataijua saa ya kazi yako. Umeme hauhitaji.

Mashine ya upepo

Ndani ya mpini mna pistoni ndogo inayosukumwa na upepo wa kompresa. Inagonga mkia wa kalamu maelfu ya mara kwa dakika, na wewe unaongoza tu. Kampuni ya GRS ya Emporia, Kansas, ndiyo jina linalotajwa sana, na mashine zake nyingi huongozwa kwa kanyagio la mguu. Steve Lindsay wa Kearney, Nebraska, alikuja na mpini unaotii kiganja: ukikandamiza zaidi unagonga zaidi, bila mguu.

Gharama sasa ni habari nyingine. Mashine ya jina, ukijumlisha na mpini wake, inapita dola 1,000 kwa urahisi, bado ushuru na usafiri. Za kuiga zipo kwa bei ya chini na ubora wake haufanani. Kompresa ya fundi pancha inatosha kwa upepo, hata inazidi, lakini upepo wake umejaa maji, hasa pwani. Bila chujio la maji na kidhibiti cha mgandamizo, pistoni itashika kutu.

Muda unapungua sana. Nimeona mtu akipata kona safi ndani ya mwezi. Metali zote zinakubali, hata chuma kisichoshika kutu, ambacho kwa kiganja ni adhabu. Mkono hauchoki, na kwa fundi mwenye umri hilo peke yake linatosha kuwa sababu.

Tatizo ni kwenye kunoa. Mashine haina bega. Ncha ikichoka, yenyewe inaendelea kugonga. Mstari unatoka, ila una kingo zilizochanika na rangi ya kijivu, na mwanafunzi anaongeza upepo badala ya kwenda kwenye jiwe. Anayeanza hapa anaweza kumaliza mwaka bila kujua ncha kali inavyohisi mkononi. Kwa hiyo anayechagua mashine atenge fedha ya kifaa kizuri cha kunolea tangu siku ya kwanza. Mahali pa kazi pawe na umeme wa kutegemeka na pa kuificha kompresa, maana ndiyo inayopiga kelele, siyo mpini.

Na kunoa je?

Kuna njia tatu vilevile, nazo hazilingani kwa uzito.

Kunoa kwa mkono mtupu juu ya kinoo ni bure na kunafanyika popote. Unashika kalamu karibu na ncha, unabana viwiko ubavuni, unasogeza mwili badala ya kifundo cha mkono. Uso utaupata baada ya kuharibu vijiti kadhaa. Kisigino ndicho kitakachokuliza, kwa sababu pande mbili zake lazima zilingane na huna cha kupimia ila jicho.

Kigezo ni kipande cha metali kilichotobolewa kwa pembe maalumu. Unapitisha kalamu kwenye tundu, unaibana kwa skrubu, unasugua vyote pamoja juu ya jiwe bapa. Kinatoa pembe ileile kila mara. Ubaya wake ni kwamba pembe ni hizo tu zilizotobolewa. Fundi wa leethi anaweza kukuchongea kimoja ukimpa vipimo sahihi, na kwa maoni yangu hapa ndipo pesa ndogo inanunua kitu kikubwa kuliko mahali pengine popote kwenye ufundi huu.

Kishikio cha digrii kina namba za kuzungusha kila upande. Hutumika juu ya sahani ya almasi inayozunguka kwa mota: namba 260 ya kutengeneza umbo, 600 na 1200 ya kusafisha, kisha sahani ya kauri yenye vumbi laini sana la almasi kwa ajili ya kioo. Unaweza kurudia pembe ya mwezi uliopita bila kubahatisha. Ni ghali, na kwa anayekata shaba kwa kiganja ni anasa.

Chuma cha kalamu nacho kinaamua. Tupa kuukuu ni chuma cha kaboni kizuri, lakini ukikisaga kwenye grenda hadi kikawa cha buluu umekiua, ugumu umekwenda. Saga kidogo, chovya majini, saga tena. Haispidi inavumilia joto na inanoleka kwenye kinoo cha kawaida, basi anza nayo. Kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko haispidi, inashika makali muda mrefu kwenye chuma kigumu, ila ncha yake ni kama kioo, ukiinyanyua kombo inakatika, na bila almasi hainoleki. Watu hununua kabaidi kwa kuwa inadumu, kisha wanakaa nayo butu kwa kuwa hawana cha kuinolea. Miwani ya kukinga macho uivae kwa zote tatu. Vipande vya ncha hurukia juu.

Kwa hali yako

Kama uko kwenye benchi la sonara tayari na wateja wanataka majina ndani ya pete, anza na kiganja, haispidi ya digrii 90 na kigezo cha kuchongewa. Bapa za shaba zinazotolewa kwenye mabodi ya umeme utazipata kwa wauza skrepa. Hizo ndizo daftari lako.

Kama unatengeneza visu au mapanga ya zawadi na una karakana ya kusimama, tindo na nyundo. Noa kalamu tano asubuhi, uzipange, ili ncha ikivunjika mdundo usikatike.

Kama una oda za chuma kisichoshika kutu, au umri na mifupa vinakusemesha, mashine, na kishikio cha digrii kwenye oda hiyohiyo. Kama fedha haitoshi vyote viwili, ningengoja.

Kama unakaa chumba cha kupanga na umeme ni wa mgawo, mashine isikutie tamaa. Kama hujui hata utakata nini, nunua kijiti kimoja na kinoo, unoe kwa wiki mbili bila kugusa bamba, uone kama unapenda. Wapo wanaogundua kwamba hawapendi, na imewagharimu kidogo.

Na kama mashine umekwisha kuinunua, usiirudishe. Iache kompresa imezimwa, shika mpini wake hivyohivyo bila upepo, na usukume shaba nyekundu kwa kiganja. Mstari ukitoka unang'aa kwa nguvu zako mwenyewe, washa.